Mtandao Haupiti Jiwe

Kalorema, 9 Novemba 2023

Kaka Zisis,

Shikamoo yako nimeiweka akiba. Utaichukua siku utakapokanyaga kizingiti. Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi lakini ngazi anazipanda kuliko mimi. Miti ya jozi imezaa sana mwaka huu, kokwa zake tumezianika barazani na wageni wanazikanyaga asubuhi nzima. Mbwa wa Baba bado hataki kulala ndani.

Kifurushi chako kimefika. Kabla hujaanza kujisifu, kumbuka sikukuomba. Nilikufungia kwenye simu wiki ile ya mazishi ya Baba, na sikufungulii. Umezoea neno likikuuma unakata simu. Barua haikatwi, ndiyo maana naandika.

Visanduku vyote vitatu vya kusambaza Wi-Fi nimevifunga kama karatasi yako ilivyoagiza. Cha kwanza nimekiunganisha na ruta jikoni, pale waya wa intaneti unapoingilia. Cha pili nimekiweka sebule ya juu, na Mama tayari amekivalisha kitambaa cha kusuka kwa mkono, eti kisione baridi. Cha tatu nimekipeleka vyumba vya nyuma, kwa sababu huko ndiko mtandao haufiki kabisa. Jikoni Wi-Fi inakimbia. Sebuleni inakimbia. Huko nyuma kisanduku kinatoa taa nyekundu kama jicho la mlevi, basi, hakuna kingine.

Unajua kwa nini nahangaika, Mama alikwambia. Bi Hanneke, yule Mholanzi aliyelala hapa wakati wa kiangazi, anataka kukodi nyumba nzima ya wageni kila mwaka, Oktoba hadi Machi, wafanyakazi wa ofisi yake waje wafanyie kazi hapa kwa kompyuta zao. Sharti lake ni vyumba vinane na Wi-Fi katika kila chumba. Atakuja kujionea mwezi wa tatu. Tukimpata, hatufungi tena majira ya baridi. Tukimkosa, mimi mwaka mwingine siuwezi. Nyumba itafungwa, na Mama atahamia kwako ghorofa ya nne, mji ambao hajui hata kuomba chumvi.

Ulituma visanduku badala ya kuja. Basi ungetuma vinavyofanya kazi.

Vaia

*

Wuppertal, Ujerumani, 28 Novemba 2023

Mdogo wangu Vaia,

Marahaba, hata kama hukunipa. Kerstin anawasalimu. Binti yetu ameng'oka jino la mbele na anataka bibi yake aambiwe. Hapa mvua juu ya mvua. Kazini tunafunga mtandao kwenye ghala la matairi, kubwa kama kijiji kizima cha kwetu, na jioni masikio yangu yanavuma.

Nimecheka kwa mara ya kwanza mwezi huu. Shahada mbili, falsafa na kadhalika, halafu unachukua kisanduku unakiweka kwenye chumba kisicho na mtandao, unasubiri kizae mtandao! Kisanduku si chemchemi, Vaia. Kazi yake ni kupokea na kupitisha, kama mafundi wa Baba walivyokuwa wakipokezana mawe kutoka barabarani. Ukimsimamisha mtu mbali asikofikiwa na mkono wa mwenzake, atapokea nini? Kiweke mahali ambapo Wi-Fi bado ni nzuri, katikati ya njia, si mwisho wa njia.

Kwa nyumba yetu sihitaji hata kufikiri. Nenda chumba cha kufumia, kwenye ule mlango wa kati unaoingia vyumba vya nyuma. Weka cha pili juu ya kizingiti na uache mlango wazi. Kitaona jikoni huku, na kule kitaona cha tatu. Kazi ya dakika chache. Mwambie Mama kitambaa akitoe, kisanduku kinapata joto.

Na usinitishe na ghorofa ya nne. Lifti ipo.

Zisis

*

Kalorema, 20 Desemba 2023

Kaka,

Mama amefurahia habari ya jino. Theluji imeanza kushika mlima wa juu. Nimepaka chokaa jikoni peke yangu na mgongo unanikumbusha kila ninapoinama.

Mlango wa kati hauwezekani. Usiniulize kwa nini. Nipe njia nyingine.

Na kabla hujaniambia niweke kisanduku dirishani: nimejaribu. Vyumba vya nyuma madirisha yake yote yanatazama bondeni, umesahau? Uani hakuna hata moja. Kupitisha waya nje ukutani, ofisi inayolinda vijiji vya kale haikubali, na jirani yetu Mzee Kitsos alikwisha kulipa faini kwa waya wa kengele. Kuchimba chini ya ua ni kuchimba mwamba.

Ngoja nikupe Jumamosi yangu. Bwana mmoja wa Thesaloniki, nimemlaza chumba cha nyuma, mvua inanyesha. Mara namwona jikoni, soksi zimelowa, kompyuta ameifunika kwa taulo.

"Dada, nina kikao na mkuu wangu. Wi-Fi iko wapi?"

"Hapa jikoni, bwana. Karibu."

"Nikae kikao kando ya sufuria?"

Mama akamvutia kiti. "Kaa, mwanangu. Mkuu wako naye amwone mtu anavyopika." Akakaa kikao cha saa nzima huku Mama anasukuma unga wa pai nyuma yake, na kila mara anainama kwenye kioo kumwamkia mkuu. Tulicheka, halafu yule bwana akaandika kwenye mtandao kwamba nyumba yetu ni nzuri kwa watu wasio na kazi. Bi Hanneke husoma maneno hayo. Ameniuliza. Nimemwambia fundi yuko njiani.

Fundi gani, Zisis?

Vaia

*

Wuppertal, 11 Januari 2024

Vaia,

Heri ya mwaka mpya. Keki ya mwaka tumeikata, sarafu iliyofichwa ndani imemwangukia Kerstin, ambaye alidhani ni meno yake yamevunjika. Wote wazima.

"Hauwezekani" maana yake nini? Umeweka kabati pale? Toa kabati. Mlango umeoza? Toa mlango. Nafunga mitandao kwenye majengo ya zege na chuma, unaniambia nyumba niliyozaliwa imenishinda! Nakuambatishia mchoro. Nimeuchora bila kuangalia picha yoyote: jikoni, ngazi, sebule, chumba cha kufumia, mlango wa kati, vyumba vitatu vya nyuma. Nikifumba macho naweza kutembea humo nisigonge kitu. Onyesha kosa liko wapi.

Halafu kuna kitu hakinikalii sawa. Yule bwana wa Thesaloniki alilowa vipi? Kutoka vyumba vya nyuma hadi jikoni mtu hatoki nje. Nilimuuliza Mama kwenye simu Jumapili, akaanza kunieleza bei ya kuni. Nikamuuliza tena, akasema maziwa yanafurika.

Mnanificha nini nyinyi wawili?

Kuhusu mazishi, umenichokoza tangu barua ya kwanza. Sitaandika neno juu ya mazishi.

Zisis

*

Kalorema, 7 Februari 2024

Kaka Zisis,

Mama hajambo, kikohozi kimeisha. Jana tulifanya kumbukumbu ya Baba, mwaka umetimia. Nilichemsha ngano, Mama akaipamba kwa sukari na komamanga. Padri alipomaliza kulisoma jina la Baba akauliza, "Na kijana wenu?" Mama akamjibu, "Yuko kazini, Padri." Watu wakatazama viatu vyao. Mimi nilitazama mlango wa kanisa, kwa sababu uso wangu haukuwa wa kuonwa na mtu.

Mchoro wako ni mzuri. Kila kitu kiko mahali pake. Ni nyumba ya mwaka ulioondoka.

Mlango wa kati haupo. Baba aliuziba.

Unakumbuka ulivyompigia simu, mwaka ule wa harusi yako, ukasema unataka sehemu yako ya nyumba iandikwe jina lako? Nilikuwa nimekaa naye mezani. Alisema "sawa," akaweka simu chini, akamaliza supu yake. Kesho yake alikwenda mjini Ioannina kwa mwanasheria akakuandikia vyumba vitatu vya nyuma. Keshokutwa yake akaanza kuchonga mawe. Wewe ni wa kijiji hiki, desturi unaijua: ndugu wakigawana nyumba, mlango wa kati unazibwa kwa jiwe ili kila mmoja awashe moto wake. Wenzetu siku hizi hugawana kwenye karatasi tu, mlango unabaki. Baba alikuwa mwashi, hakujua kugawana kwa karatasi. Aliujenga ukuta huo peke yake, unene uleule wa kuta nyingine, mkono mzima na zaidi. Mama alimsihi. Mimi nilimpelekea maji. Halafu akatoboa mlango mpya nyuma, kichochoroni, na ndiyo njia yako. Wageni wanatoka langoni, wanazunguka na mabegi yao kwenye mvua. Sasa umejua alivyolowa.

Hakuna aliyekwambia kwa sababu Baba alikataza, na alipokufa kila mmoja wetu alimsubiri mwenzake. Mimi sikukwambia pia kwa sababu nilitaka uje, ufungue mlango wa chumba cha kufumia kwa mkono wako, ukutane na ukuta. Nilitaka kuwepo nikuone uso. Hukuja hata alipokufa.

Sasa sina muda wa kusubiri uso wako. Bi Hanneke atakuja tarehe ishirini na tano ya mwezi ujao. Fundi kutoka Ioannina amepima. Visanduku havipiti jiwe lile, lakini likitobolewa tundu la upana wa kidole na kupitishwa waya, kisanduku cha tatu kitasimama upande wa pili na vyumba vyako vyote vitapata. Ila ukuta wa kugawana ni wa wenye nyumba wote wawili. Bila sahihi yako fundi hagusi.

Nakuomba. Litazame vizuri neno hilo, hutalipata tena kwangu. Karatasi nimeiambatisha. Tia sahihi uirudishe.

Vaia

*

Wuppertal, 14 Machi 2024

Vaia,

Natumaini nyote wazima. Sisi tuko. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na safari za kikazi.

Sikujua kuhusu ukuta. Nilitaka jina langu liwe kwenye karatasi kwa sababu benki ya huku ilitaka kuona nina kitu. Sikumwambia ajenge. Angeniuliza ningemwambia.

Ile sahihi siwezi kutia. Kuna mtu wa Athene anataka vyumba vya nyuma kwa nyumba ya mapumziko. Dalali ameshampa picha. Nimeshatoa neno langu kwamba sehemu yangu iko peke yake, haina waya wala bomba la mtu mwingine ndani. Nilikuwa nitawaambia, nilisubiri wakati mzuri.

Usimwambie Mama mpaka nimwambie mwenyewe.

Mwambie Mholanzi avumilie vyumba vitano.

Zisis

*

Kalorema, 30 Machi 2024

Zisis,

Mama amejua. Nilimsomea barua yako yote, na "usimwambie Mama" nikaisoma mara mbili. Alikuwa anachambua dengu. Aliendelea kuchambua. Baadaye akaniuliza, "Ameandika lini?" Nikamwambia. Akasema, "Jumapili iliyofuata alinipigia, akaniimbia wimbo wa mtoto." Basi. Hizo ndizo salamu za nyumbani.

Neno lako kwa mtu wa Athene ni neno. Kwa Baba lilikuwa nini? Uliletewa karatasi ya tundu la kidole, Zisis. Sikukuomba mlango. Mtu anayetuma visanduku vya kuunganisha nyumba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anaiuza vipande, huyo sina jina lake, nami nimesoma vitabu vingi.

Siku ya tatu baada ya barua yako kufika nilikwenda nyuma na ngazi, nikang'oa kisanduku chako cha tatu kule kwenye vyumba vyako. Nikakipeleka karakana ya Baba, ng'ambo ya ua. Nilikiweka kwenye dirisha linalotazamana na dirisha la sebule, ambako cha pili kimekaa. Taa ikawa ya kijani kabla sijashuka ngazi. Nikafagia. Nyundo zake nimeziacha ukutani.

Bi Hanneke alifika tarehe yake, na mvua pia. Alitembea chumba kwa chumba akizungumza na ofisi yake kwenye simu. "Mnanisikia? Sasa niko kitandani. Sasa niko bafuni, msitazame." Jikoni Mama alimpa pai, akaila mbele ya wafanyakazi wote. Kisha karakana. Alikaa kwenye benchi Baba alilokuwa akichongea mawe, akafungua kompyuta, akaongea na watu sita nyuso kwa nyuso, sauti haikukatika hata mara moja.

"Kwa nini hapa panashika hivi?"

"Dirisha linaliona dirisha," nikamwambia. "Humu vitakaa vyumba vitatu. Oktoba vitakuwa tayari."

"Na kule nyuma nilikolala kiangazi?"

"Kule ni kwa jirani."

Mama alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Aliiweka chini kwenye jiwe, akaondoka. Nililiona hilo, na sikulirudisha neno langu. Bi Hanneke alinipa mkono. Majira ya baridi hatufungi. Mama haji ghorofa ya nne.

Uza. Visanduku vyote vitatu viko upande wangu.

Vaia

*

Wuppertal, 4 Mei 2024

Vaia, mdogo wangu,

Kesho Pasaka. Tumepaka mayai rangi nyekundu na jikoni kote kumekuwa kama machinjioni. Mwambie Mama mtoto anajua sasa mchezo wa kugonganisha mayai, na anafanya hila, kama babu yake.

Mtu wa Athene amejitoa. Dalali anasema alikuja kijijini, akakaa chini ya saa moja, akarudi amekasirika. Anasema hawezi kuishi mahali ambapo lazima asimame langoni mwa watu ndipo asome habari zake. Mlimwambia nini? Dalali anasema hata wengine watauliza lilelile, siku hizi mtu anauliza Wi-Fi kabla ya maji.

Sikulaumu. Nakuomba sasa mimi. Naambatisha ile karatasi, nimetia sahihi. Mwite fundi atoboe. Gharama zote juu yangu. Sijasema nitaendelea kuuza. Sijasema sitauza. Natazama mchoro wangu kila siku, Vaia, na pale penye mlango sijui nichore nini.

Zisis

*

Kalorema, 20 Mei 2024

Kaka,

Kristo amefufuka, hilo halina ubishi kati yetu. Mama mzima. Mzee Kitsos ameanguka kutoka kwenye mtini na anaulaumu mtini. Karakana imepata sakafu.

Unauliza tulimwambia nini mtu wako. Alikuja na viatu vyeupe. Akaingia vyumba vyako, akatoka ameinua simu kama anayesalimia ndege.

"Neno la siri la Wi-Fi ni lipi?"

"Huku hakuna Wi-Fi, bwana."

"Mbona pale langoni jina la mtandao wenu limetokea?"

"Pale langoni ni kwetu."

"Na hapa?"

"Hapa ni kwa mtu wa Ujerumani."

"Lakini ni nyumba moja! Paa ni moja!"

Mama alikuwa anafagia kichochoro. Hakuinua uso. "Ndivyo nilivyowaambia mimi," akasema. "Hakuna aliyesikia." Halafu akamfagilia vumbi viatuni, sijui kwa kusudi au la. Hatukumwambia zaidi ya hayo.

Karatasi yako nimeiona, na sahihi ni yako. Fundi sitamwita. Mama tangu siku ile ya Bi Hanneke hanisemeshi sawasawa, kwa sababu ya lile neno la jirani, na wewe hujui ni kazi gani kukaa meza moja na mtu anayekupakulia chakula bila kukutazama. Juzi aliingia chumba cha kufumia na chaki, akapapasa mawe ya Baba moja moja, akachora duara dogo chini ya jiwe la pembeni. "Hapa chokaa ni laini," akaniambia. "Tundu la kidole halimuumizi mtu." Nikamuuliza atoboe nani. Akanitazama kana kwamba shahada zote mbili nimezinunua sokoni.

Kwa hiyo sikiliza. Ukuta huo unatobolewa kutoka upande wako. Fundi wa Ioannina ana drili ndefu, ataniazima, nitaiacha nyuma ya mlango wako. Kuja ni juu yako. Utapita kichochoroni kama wageni wanavyopita, na kama ni siku ya mvua, utalowa. Ufunguo anao Mama, mwombe yeye, si mimi. Chaki iko upande wetu, lakini Mama atagonga kwa nyundo ili usikie ni wapi.

Sijakusamehe, na waya usiufanye msamaha. Bado sijui nitakwambia nini ukishafika, wala kama nitakwambia. Lakini ukiwasha drili nitaisikia. Nitakuwa chumba cha kufumia, nimepiga magoti, nimeshika ncha ya waya.

Vaia